Bomba Ambalo Zakayo Hakulitaja

Ulipomuuliza Zakayo Mgaya kwao ni wapi, hakuanza na Njombe. Alianza na jiko. Lilikuwa jiko kuukuu la chuma, la kuni, ambalo baba yake alilipata mapadri walipobomoa nyumba yao ya zamani. Alilikokota kwa mkokoteni wa ng'ombe kutwa nzima huku majirani wakimcheka. Walicheka mpaka mwezi wa sita, umande ulipoganda majanini ukawa mweupe. Hapo majirani walewale wakaanza kupiga hodi kila jioni, kuulizia vitu ambavyo hawakuvihitaji.

Raha ya chumba kile hakuipata tena popote. Kuni za miwati zilialika ndani ya chuma, mama akapanga viazi juu ya jiko mpaka maganda yakaungua, na watoto wanne wakasukumana kugombea nafasi karibu na kimlango chake. Zakayo alikulia hapo. Angeweza kukusimulia habari za jiko hilo saa nzima, na wewe ukajikuta umevua sweta.

Mwaka 2014 alikuwa fundi msaidizi kwenye karakana ya majahazi Al Jaddaf, Dubai, akipiga randa mbao kuanzia asubuhi. Alilala kwenye kontena uani na Twaibu, Mganda wa Busia, mlinzi wa hapohapo. Januari ile ilikuja na mvua na upepo wa kutoka Khor, mkono wa bahari unaoingia mjini, na bati la kontena likawa la baridi hata kuligusa. Watu wanaodhani Dubai haina baridi hawajalala ndani ya bati. Twaibu alipata homa, akawa anajikunja kitandani na kumtania mwenzake.

"Bwana Zakayo, hebu washa jiko," alikuwa akisema, na Zakayo anaanza kusimulia.

Kila mara aliongeza kitu: leo viazi, kesho paka aliyeunguza mkia. Bomba la moshi hakulitaja hata siku moja. Hakuwa na nia mbaya. Nani akisifia ugali wa mama yake hukumbuka kutaja masizi ya sufuria?

Jumatano Zakayo alikata kopo la rangi, akalitoboa matundu, akalijaza vipande vya mbao, wakachemshia chai nje ya mlango. Twaibu alinyoosha mikono juu ya moto na kufumba macho.

"Sasa nimekuelewa," alisema. "Na kwenu munaweka ndani kabisa?"

"Ndani kabisa, ndugu yangu. Katikati ya chumba."

Alijibu hivyo tu, akaendelea kunywa chai.

Alhamisi asubuhi Twaibu alitetemeka mpaka msimamizi akamwonea huruma. "Khalas, wewe lala leo," alimwambia. Zakayo akamfunika mablanketi mawili, akaenda kazini, hatua thelathini kutoka pale. Adhuhuri alirudi na sahani ya wali akakuta mlango umefungwa na taulo limesokomezwa chini yake kuzuia upepo. Ndani hamkuwa na moshi. Twaibu alikuwa amesubiri mpaka kuni zikawa makaa mekundu, ndipo akaliingiza kopo na kuliweka karibu na kitanda. Zakayo alimburuta nje akipiga kelele za kuomba msaada. Gari la wagonjwa lilifika haraka, lakini Twaibu alikuwa ameshakufa.

Polisi waliuliza maswali, wakaandika kwamba ni ajali, wakaondoka na mwili. Zakayo alibaki ameketi juu ya rundo la mbao. Mtoto yeyote wa Njombe anajua kwamba makaa kwenye chumba kilichofungwa huua. Yeye alijua tangu ana miaka mitano. Alijichukia kwa kujua.

Alasiri alikuja Shamira, dada yake Twaibu, bado amevaa sare ya hoteli ya Dubai Marina anakofanya usafi. Hakulia. Alitazama kopo kwa muda mrefu.

"Sisi Busia hatuwashangi moto mahali pa kulala," alisema. "Nani alimwambia afanye hivi?"

Hakuna mwingine aliyesikia mazungumzo yake na marehemu. Zakayo angeweza kusema hajui, na neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Aliogopa polisi warudi, aliogopa kafeel, mwajiri aliyemdhamini, amrudishe kwao, na zaidi aliogopa macho ya yule dada.

"Ni mimi," alisema. "Nilimsifia jiko la kwetu. Jiko la kwetu lina bomba linalotoa moshi na sumu ya makaa nje ya paa, dada. Habari ya bomba sikumwambia."

Shamira alilipindua kopo kwa ncha ya kiatu, majivu yakamwagika.

"Mama hajui bado," alisema. "Mimi siwezi. Utamwambia wewe, na hiyo ya bomba umwambie pia."

Simu ya Shamira ilikuwa imeisha chaji. Akaichukua ya Twaibu kitandani, akapiga, akampa Zakayo. Mama alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, Kiswahili alikijua vizuri, na alipokea mara moja.

"Twaibu? Homa imepungua?"

"Mama, si Twaibu. Ni Zakayo, ninayekaa naye."

"Aa, Zakayo!" Sauti ilijaa furaha. "Huyu mtoto hana siku ya kutokutaja. Allah akulipe kwa kumtunza, mwanangu. Haya, mpe simu nimsikie."