Mama Alivyopimwa Presha Keza

Wakimbizi walipojaa Ngara, sisi watu wa Keza hatukuwapenda, nao hawakutupenda. Walikata miti yetu kwa kuni. Sisi tuliwafukuza kisimani kwa mawe. Kwa hiyo ilipotangazwa kanisani kwamba wanawake wote, wenyeji na wakimbizi, watapimwa afya kwenye darasa la shule ya msingi, baba alisema mke wake hatashikwa na mtu wa kambini.

Mama alikwenda. Mimba yake ilikuwa kubwa, miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii, na kichwa kilikuwa kikimuuma tangu Jumapili. Nilimsindikiza, maana mimi ndiye binti yake mkubwa.

Nesi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Mama alipoisikia lafudhi yake, akaurudisha nyuma mkono wake.

"Hakuna Mtanzania wa kunipima?"

"Hakuna," nesi akajibu. "Na mimi sikuja kutafuta rafiki. Lete mkono."

Akamfunga mkanda wa presha, akapima, akarudia. Kisha akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Hurudi nyumbani. Presha hii inaleta kifafa cha mimba. Gari linakwenda hospitali sasa hivi."

Nyuma yetu wanawake wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wakimbizi wanataka kumwiba mtoto. Tulipokwisha kupanda, baba akatokea na jembe begani, akasimama mbele ya gari.

"Shuka! Wamemaliza miti yetu, sasa wanataka na mke wangu?"

Mama akatoa kichwa dirishani. Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu baba.

"Sogea. Nikifa hapa, utamnyonyesha wewe?"

Baba hakusogea. Dereva akampitia pembeni, kwenye majani, na baba akalipiga gari kwa mpini wa jembe.

Mama alianguka kifafa mlangoni mwa hospitali. Walimpasua siku hiyohiyo. Mtoto akatoka mdogo, lakini analia. Baba hakuja kuwaona. Hata waliporudi nyumbani, hakumbeba yule mtoto hadi alipoanza kutambaa.

Baadaye, tukiwa na baba, tulikutana na nesi njiani, mama akiwa na mtoto mgongoni. Baba akatema mate chini. Nesi hakumjali.

"Umepima presha tena?" akamuuliza mama.

"Bado."

"Nenda kapime," akasema kwa ukali uleule, akapita.

Kesho yake mama alikwenda. Baba hatukumwambia.