Mjomba au Baba Mdogo?

Siku ile naikumbuka hata leo, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili pale Mlowo, na mwalimu wetu wa Kiingereza alianza kutusomea hadithi ya msichana yatima aliyechukuliwa na "uncle" wake. Akatuuliza huyo "uncle" ni mtu wa namna gani. Sisi, kama kawaida yetu, tukaimba jibu: mtu huyo ana huruma.

Mwalimu akauliza, "Huyu ni mjomba au baba mdogo?"

Darasa likacheka. "Mwalimu, Waingereza hawajui tofauti!" akadakia mmoja wa nyuma.

"Wao hawajui, wewe unajua. Itafute humo kitabuni."

Tukasoma upya. Mimi ndiye niliyeona mahali huyo "uncle" anaposema "kahawa ya kaka yangu." Kumbe ni baba mdogo, na shamba la kahawa ni la marehemu baba wa msichana!

"Na nani kasema ana huruma?" mwalimu akaniuliza.

Nikapekua. "Kasema mwenyewe, mwalimu."

"Eeh! Sasa umeanza kusoma."

Nami nilikuwa yatima, mwanangu, mkubwa wa watatu. Wiki hiyohiyo baba mdogo alifika nyumbani, akasema kwa upole kwamba anatuonea huruma: Joeli aende Kamsamba kwa jamaa wenye ng'ombe, Aneth aende Tunduma kwa mwenye duka. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Wadogo zangu walikuwa wameanza kufunga nguo zao.

Nikapiga goti, nikamsalimu, nikauliza, "Baba mdogo, huko Kamsamba Joeli atasoma shule gani?"

"Kwanza achunge."

"Na kahawa ya baba itachumwa na nani?"

Akanikodolea macho. "Hicho Kiingereza kimekuharibu, wewe!" Akaondoka bila mtoto hata mmoja.

Basi nikabaki nao, nikiwalea, na shule ikaniponyoka. Hadithi ile sikuifikisha mwisho. Mpaka sasa, nikisikia wanafunzi wakisoma kwa sauti darasani, husimama kidogo nje ya dirisha na mzigo wangu kichwani, nikitamani kujua yule msichana aliishia wapi.

Wewe, mwanangu, majibu unayakariri kutoka kwenye simu. Lugha ya wageni si ya kuitikia tu. Ukifungua hadithi yao, uliza: nani anasema, anapata nini akiaminiwa, na nani hajapewa nafasi ya kusema? Neno lao likiwa pana, lipime kwa la kwenu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Mungu akupe masikio yasiyolewa sauti tamu, na akuache ukae darasani mpaka kengele ya mwisho.