Mwaka Mama Alipokaanga Mbegu

Mpaka leo, kwaya ikianza kuimba, mdomo wangu hujaa mate. Msinicheke. Sabato asubuhi watu wamefumba macho, wengine machozi yanawalengalenga, na mimi nimekaa benchi la nne nameza mate kama mtu aliyepita karibu na kikaango. Mume wangu aliwahi kuniuliza huwa ninawaza nini wakati ule, maana uso wangu unang'aa. Nilimwambia namuwaza Mungu. Haukuwa uongo mtupu, lakini nilikuwa nawaza pia njugu karanga.

Kosa ni la mama. Sisi ni watu wa karibu na Rongo, na kwetu njugu hupandwa mvua ya Machi ikishalowesha udongo vizuri. Kabla ya hapo mbegu humenywa kwa mkono, polepole, mpaka vidole gumba viote malengelenge, kwa sababu mbegu iliyopasuka haioti. Sasa hebu wafikirie watoto watatu wenye njaa, wameketi kwenye mkeka, na katikati yao kuna beseni la njugu tamu zenye ngozi nyekundu. Mama hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo. Hata mizani ya sokoni aliizunguka kwanza, akaitazama kwa nyuma, ndipo akakubali kupimiwa. Kwa hivyo alitutungia sheria. Tukimenya, tunaimba. Tukipanda, tunaimba. Nyimbo zote za kanisani, kuanzia ule wa kwanza kitabuni. Jirani akipita njiani alisimama akamsifu Mungu, akasema, "Yawa, Nyasaye amebariki boma hili!" Hakujua kwamba mdomo unaoimba hauwezi kutafuna, na kwamba mama, kule jikoni alikotugeuzia mgongo, alikuwa akisikiliza ni sauti ya nani imepotea.

"Awuor! Sikusikii!"

"Nilikuwa navuta pumzi, mama."

"Vuta ukiimba."

Ndugu yangu Omondi, aliyenifuata, aligundua kwamba njugu moja inaweza kukaa kati ya shavu na gego mtu akiimba sauti nzito. Mtoto wa miaka saba, anaunguruma kama mzee wa kanisa! Mama alimshuku siku ya pili tu. Tangu hapo akaanza kutunusa. Unaitwa, unafungua mdomo, unamhemea puani, naye anafumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. Hata Adhiambo, kitinda mimba wetu, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote, naye alinuswa. Tulikua hivyo. Na mtoto aliyenuswa sana hujifunza kuwanusa wenzake, kwa hivyo kufika miaka tisa mimi nilikuwa nashuku kila kitu, hata uji ukiwa mtamu kuliko jana.

Kulikuwa na mwaka mmoja tuliimba vizuri kuliko miaka yote. Mama alikuwa amekodi kipande kingine cha shamba ng'ambo ya kijito, akalima vyote viwili, akapalilia mara tatu, mgongo ukimuuma mpaka akawa anainuka kwa kushika magoti. Sisi hatukula hata punje. Naapa. Miche ikatoka, ikatanda, ikachanua maua yake madogo ya njano, kisha mvua ikaenda zake. Siku ya kung'oa, mama alivuta shina la kwanza, maganda yakaning'inia mengi, manene, akacheka kwa sauti. Akaminya ganda moja. Likalia tu, pu. Ndani hamna kitu. Akaminya la pili, la tatu. Baba, aliyekuwa fundi wa matrekta ya miwa kule Awendo na aliyekuja nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa, alipasua mengine kwa meno, akatema ganda na hewa. Tuling'oa shamba zima hata hivyo, kwa sababu mama alisema huenda kule mwisho kuna nafuu. Kule mwisho pia yalikuwa maganda. Mimi kichwani nilikuwa na swali moja tu, nikaliuliza jioni tukila: zile njugu ambazo sikuzila zimeenda wapi? Baba aliomba chumvi.

Kabla ya Krismasi habari zikaja kwamba mama mkubwa, dada yake mama aliyekuwa mfanyabiashara wa samaki Homa Bay, amefariki ghafla. Mama alikwenda mazishini bila sisi. Aliporudi hakusimulia lolote. Alikuwa ametulia, na mimi mama akitulia sikuwa na amani.

Na kweli, vituko vikaanza. Jumatano moja alivaa gauni lake la buluu la kanisani, lile lenye vifungo vya kung'aa ambalo hata Sabato alilivaa kwa zamu, akaenda nalo kupalilia mihogo. Jumatano! Ijumaa jioni akakaa nje na baba wakacheka mpaka baba akakohoa. Kisha nikagundua jambo lililonikosesha raha kabisa: wiki ilikuwa imepita na hajaninusa.

Machi ikaja. Tulikuwa na nusu gunia la mbegu, zilizobaki tulipopanda mwaka ule wa maganda, na hakukuwa na nyingine. Tukaketi kwenye mkeka na beseni letu, tukaanza wimbo wa kwanza wenyewe, bila kuambiwa. Mama alitoka ndani, akatusimamia akitutazama muda mrefu. Halafu akachota kwa kopo la kupimia gorogoro moja ya zile mbegu zilizokwisha kumenywa, ikajaa mpaka ikafanya kilima, akaingia nayo jikoni. Tukasikia njugu zikianguka kwenye kikaango cha moto. Omondi alinyamaza. Nami nikanyamaza. Adhiambo aliendelea kuimba peke yake, hakuwa na habari. Ile harufu ilipotufikia, nawaambia, mdomo wangu ulijaa mate.

Mama akazileta zimetiwa chumvi, zingali zinalia tik tik kwenye sinia. "Kuleni," akasema. "Kuleni mshibe, tutapanda zitakazobaki."

Omondi aliingia kichwa kichwa. Mimi sikugusa. Nyinyi mngegusa? Kijijini kwetu kulikuwa na Mzee Oloo, mkali wa mapera, aliyekuwa akitutupia mawe tukikaribia tu ua lake. Siku moja alituita kwa upole, akatwambia tupande mti tuchume tutakavyo. Wiki hiyohiyo tukamzika. Kwa hivyo mimi nilijua. Mtu mgumu akilainika ghafla, anaaga. Nikakumbuka pia kwamba Homa Bay kuna hospitali kubwa, na nani alijua mama alipitia wapi baada ya mazishi? Mama yangu alikuwa anakufa. Alikuwa ameambiwa huko, na sasa alikuwa anatuaga kwa mbegu.

Ijumaa nilimvizia baba akinawa mafuta ya trekta mikononi, anaharakisha kabla jua halijazama Sabato ikaingia.

"Baba, mama anaumwa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Anacheka."

Baba aliacha sabuni, akanitazama. "Hata mimi nimeona," akasema.

Woi! Kumbe hata yeye hajaambiwa.

Nikaamua la kufanya. Mama akawa anakaanga kidogo kila siku ya kupanda, na kila nilipopewa fungu langu nililamba chumvi ya juu, nikajifanya natafuna, kisha nikatia zote kwenye soksi yangu ya shule, ile isiyokuwa na mwenzake. Nilikuwa na njaa mpaka nikaona nyota. Lakini mama akishakufa, Omondi na Adhiambo watakula nini? Omondi nilimjua, yeye hakuweza kuweka akiba hata ya kamasi. Soksi niliificha nyuma ya kiota cha kuku, chini ya magunia makuukuu. Kila siku nilikwenda kuishika, nikaona inavyonenepa, na kila ilivyonenepa ndivyo nilivyozidi kutaka kulia.

Sikumbuki ni siku ya ngapi. Nilikuwa shambani nafukia mashimo kwa mguu niliposikia jina langu likiitwa kwa ile sauti ya zamani. Mama alikuwa anakuja kati ya matuta, gauni la buluu limechafuka tope mpaka magotini, mkononi amening'iniza soksi yangu kama panya aliyekufa.

"Nimewakaangia," alisema. "Nimewaambia kuleni. Na bado mnaniibia mbegu?"

Akatia mkono ndani ya soksi, akatoa njugu moja, akaitazama, akaing'ata kwa meno ya mbele. Akaacha kutafuna. Akaing'ata nyingine.

"Hizi zimekaangwa."

"Ndiyo, mama."

"Si ndizo nilizokupa?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukuzila?"

Nilitaka kusema uongo, nilikuwa nimeuandaa, lakini nilikuwa nimechoka. "Ni za Omondi na Adhiambo," nikamwambia. "Ukishakufa."

Mama alikaa chini. Pale pale kwenye tuta, juu ya njugu tulizokuwa tumetoka kuzifukia. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha sikujua tena kama anacheka, kwa sababu machozi yalikuwa yanateremka mpaka kidevuni. Alinivuta nikaangukia mapajani pake na udongo wangu wote. Sikumbuki mara nyingine aliponipakata nikiwa mkubwa vile.

Ndipo akanisimulia habari za mama mkubwa. Kwamba walipofungua nyumba yake ili waombolezaji wapate pa kukaa, walikuta godoro jipya lingali ndani ya nailoni, na kando yake mkeka ambao dada yake alikuwa akilala. Kwamba kulikuwa na sahani za udongo katoni mbili, nzuri, zenye maua, hazijawahi kutoka kwenye karatasi zake, na juu ya meza kibakuli cha plastiki kilichopasuka, ndicho alichokuwa akilia chakula. Miaka yote amesimama ufuoni kwenye jua, amebeba samaki, amebishana na wanunuzi. Sahani zilifunguliwa siku ya mazishi. Watu asiowajua walizilia wali, tatu zikavunjika, mvulana mmoja akazitupa shimoni.

"Mchungaji alisoma habari za yule mfalme tajiri," mama akasema. "Yule aliyejenga, akapanda, akachimba mabwawa, kisha akageuka akaona kazi yote ni kama mvuke. Halafu akasema mtu ale, anywe, afurahie kazi yake, kwa kuwa hicho ndicho Mungu alichompa. Mimi nimesikia maneno hayo tangu utotoni, Awuor. Nilikuwa nadhani ni ya walevi."

Maelezo yalikuwa mazuri, lakini mimi hamjanijua bado.

"Kwa hivyo hufi?"

"Nitakufa, nyathina, mwanangu, siku Mungu akipenda. Lakini leo nimelima tangu asubuhi na nina njaa. Lete hiyo soksi."

Alizila. Njugu za siku nyingi, zilizolainika, zenye harufu ya kuku na ya mguu wangu. Akanipa nyingi kuliko zake, tukatafuna tukiwa tumekaa kwenye tuta, mchana kweupe, kazi ikitungojea. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Nilipomaliza nilijifuta mdomo kwa haraka, mazoea, nisije nikanuswa.

Msimu ule hatukupata mavuno ya kujivunia. Kunguru walifukua mistari ya mwisho, mvua ikaja kwa kusuasua, tukavuna gunia moja na kitu. Mama alilitazama, akasema asante Baba wa mbinguni, akafungua gunia akatukaangia. Miaka iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, mmoja mzuri, mmoja wa kukatisha tamaa, naye akilima kwa bidii ileile, mgongo ukiuma vilevile. Hakupunguza hata jembe moja la kazi. Sasa alikuwa akiimba nasi, mdomo umejaa njugu, maneno ya wimbo hayaeleweki.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mama alirudi kutoka Homa Bay ameacha kuogopa. Nilimwonea wivu kwa hilo, kwa sababu mimi nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nina kibanda changu cha nguo, na furaha ikinijia bado naitazama kwa nyuma kama mizani ya sokoni. Nilidhani kuna watu wamezaliwa na imani ya aina hiyo, na kwamba mimi nilinyimwa.

Mwaka jana nilikwenda kumwona nikamuuliza. Amezeeka sasa, anasikia kwa sikio moja. Akanishangaa. Kuacha kuogopa? Akaniambia kwamba asubuhi ile alijua kabisa gorogoro ile ni mistari mitatu isiyopandwa, na kwamba mvua ikikataa tena hatutakuwa na mbegu wala chakula. Alizimimina kwa haraka mpaka njugu nyingine zikaangukia motoni. Kabla ya kuzimimina alisimama mbele ya kikaango akiomba, na hakumwomba Mungu mvua, alimwomba amsaidie yeye asizirudishe kwenye beseni.

"Sasa mbona ulikaanga?" nikamuuliza.

"Mlikuwa na njaa," mama akasema, "na njugu zilikuwepo."