Nambari Mbili za Mzee Veikko

Nyumbani, presha ya Veikko Lappeteläinen ilisoma 118 kwa 66. Siku nne baadaye, kwenye kituo cha afya, ikasoma 182 kwa 98. Mtu yuleyule, mkono uleule, dawa zilezile. Raili Kuosmanen, muuguzi anayewazungukia wazee majumbani katika vijiji vya Savo, mkoa wa misitu na baridi kali, hakujua aamini ipi.

Alianza kwa kuilaumu mashine. Akabadilisha betri. Akajifunga mkanda wake mkononi yeye mwenyewe, ikasoma sawa. Akaazima mashine nyingine. Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi kama kawaida, ikatoa 116.

Akarudi kwenye maswali. Veikko, miaka 79, mkata magogo mstaafu, alikuwa na ulimi usiopoa.

"Chumvi, mzee?"

"Kwenye samaki tu. Na viazi. Ya kwenye siagi haihesabiki."

"Kahawa vikombe vingapi?"

"Sita. Wewe andika vitatu, daktari afurahi."

Mkewe, Impi, alicheka jikoni. "Binti wa watu anauliza kama polisi, na wewe unajibu kama mwizi."

Jambo moja lilizidi kumchanganya Raili. Kila alipomsimamisha, mzee alishikwa na kizunguzungu. Akamweleza daktari. Daktari akasema wapo wazee wengi ambao presha yao hupanda wakiona koti jeupe la daktari. Nambari ya nyumbani ndiyo ya kweli, na kizunguzungu kinaonyesha dawa imezidi. Dawa ikapunguzwa nusu.

"Iliniingia akilini," anasema Raili. "Hata pumzi nilishusha."

Wiki ya saba baada ya hapo, Veikko alianguka kwenye banda la kuni. Kiharusi.

Mzee akiwa bado amelazwa, Raili alikwenda kumwona Impi. Mama huyo alikuwa anakunja taulo.

"Na alivyokuwa anajiandaa kwa ajili yako," Impi akasema. "Kila Alhamisi tangu uanze kuja. Mimi nawasha jiko la sauna saa kumi na mbili asubuhi, yeye anaingia saa tatu, saa nne wewe huyo mlangoni."

"Sauna? Alhamisi?"

"Kwani hukujua? Alisema hawezi kumpa muuguzi mkono unaonuka samaki."

Raili akakaa chini bila kukaribishwa. Joto la sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, hulegeza mishipa, na presha huweza kushuka kwa saa nzima au zaidi. Hilo analijua tangu chuoni. Lakini kwao watu huoga sauna Jumamosi. Babu yake alioga Jumamosi, baba yake vilevile, yeye mwenyewe vilevile. Kumuuliza mtu anaoga siku gani ni kama kumuuliza kama huwa analala usiku.

"Mashavu yake yalikuwa mekundu, nikadhani ametoka kupasua kuni. Ananukia sabuni, nikasema moyoni, mzee msafi huyu," anasema. "Miaka ishirini na tisa nafanya kazi hii. Pua ninayo, macho ninayo."

Daktari amemwambia huenda kiharusi kingekuja hata kwa dawa kamili. Hakuna awezaye kuapa. Jibu hilo halimtui Raili mzigo wala halimwongezei. Linamwacha katikati ya njia.

"Nikiamka najilaumu. Nikinywa kahawa najisamehe. Ikifika mchana sijui tena. Zile nambari zote mbili zilikuwa za kweli, ndicho kinachonivuruga."

Sasa Raili ana wagonjwa 31, na kabla ya kufungua mkoba anamuuliza kila mmoja ameoga sauna lini. Wiki iliyopita bibi mmoja alimkazia macho: "Kwani nanuka?" Kumbe alikuwa ametoka sauna; Raili alimsubirisha saa moja na nusu, wakazungumza habari za uyoga, ndipo akampima. Amewaandikia wakubwa wake akiomba swali hilo lichapishwe kwenye fomu. Hawajajibu. Anasema ataandika tena.

Alhamisi bado anakwenda kwa Veikko, ambaye amesharudi nyumbani.

Hesabu ya yaliyopotea ni hii. Vipimo kumi na vinne vilivyoandikwa vizuri, kwa mwandiko safi, na visivyofaa kitu. Nusu kidonge kila asubuhi, siku arobaini na sita. Mkono mmoja, wa kulia. Mguu mmoja, unaoburutwa. Na maneno: mtu aliyekuwa hanyamazi amebakiwa na matano. Ndiyo, hapana, kahawa, Impi, na tusi moja.