Msagaji wa Dizeli Katika Hesabu za Binti Yangu

Hakuna mtu kati ya Ikonge na Sironga ambaye hajala unga wangu. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli. Niliacha shule darasa la tano, nikachuma majani chai ya wenyewe, nikanunua injini ya dizeli iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana, nikaifufua kwa mikono hii. Injini hiyo ilisomesha watoto wanne. Wa mwisho, msichana, ilimsomesha mpaka akavuka bahari kwenda kusomea kodi.

Kodi za nishati, ndivyo anavyoziita. Likizo ya mwisho aliyokuja nyumbani alinieleza, tumekaa juu ya magunia ya wateja. Anatengeneza nchi ndogo ndani ya kompyuta, yenye watu wa magari, wakulima wa chai na wasagaji. Anapandisha kodi ya dizeli, anapunguza ya stima, halafu anaangalia nani atabadilika, nani ataumia, na moshi utapungua kiasi gani.

"Na huyo msagaji wako anajua kusaga wimbi?" nilimuuliza.

"Hajui kitu, Tata. Ndiyo maana nakuhitaji wewe."

Nimesifiwa na wengi maishani, lakini neno hilo nimelihifadhi.

Alipoondoka tukawa na mpango. Katikati ya kila mwezi, bei mpya ya mafuta ikitangazwa, alinipigia simu. Alitaka kujua nimetumia lita ngapi, nimepandisha bei ya kusaga gorogoro moja ya mahindi au la, wateja wamepungua au wamebaki. Nilijibu nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sauti ya juu, ili foleni nzima isikie kwamba kuna chuo kikuu ng'ambo kinachosubiri neno langu. Tukimaliza dizeli tuliingia mengine: ng'ombe amezaa, mvua imechelewa Gesima, huko kwake theluji imefunga mlango. Mwanamume wa kwetu hampigii binti yake simu kumwambia amemkumbuka. Dizeli ilinisemea.

Kisha kodi ikapandishwa kweli, dizeli ikawa ghali mpaka wateja wakaanza kupeleka mahindi yao kwingine. Mimi si mjinga. Nilinunua mota ya stima kabla ya msagaji yeyote wa soko letu. Fundi aliifunga Alhamisi, na Ijumaa tulimaliza foleni yote mapema tukafunga kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Injini nikaiburuta hadi kibanda cha nyuma.

Bei mpya ilipotangazwa, binti akapiga. "Tata, lita ngapi mwezi huu?"

Hapo hapo nikaona kwamba nikisema sina dizeli, hatakuwa na la kuniuliza tena. Nikamtajia lita za zamani.

Miezi minne nilifanya hivyo. Mwezi wa tano alipiga na sauti imechoka.

"Hesabu zangu zinasema msagaji kama wewe angekuwa ameshahamia stima. Mwalimu wangu anasema basi nimekosea. Labda nianze upya."

Kabla sijajibu, akaomba kuongea na mama yake. Mke wangu hukaa dirishani akipokea mahindi, na moshi wa injini ulikuwa umempa kikohozi cha miaka mingi. Waliongea kwa kirefu. Kisha simu ikarudi kwangu.

"Tata, Mama hajakohoa hata mara moja."

"Amekunywa dawa."

"Dawa gani?"

Mke wangu alikuwa ananitazama. "Wewe mzee, mwambie mtoto. Ama nimwambie mimi."

Nikamwambia. Kwamba mota ina miezi mitano, kwamba migomba ya nyuma ya ukuta imeacha kuwa na masizi, kwamba wateja wamerudi kwa sababu nimeshusha bei. Kwa nini nilidanganya sikueleza, naye hakuuliza.

"Kwa hivyo sikukosea," alisema.

"Hukukosea. Hata yule msagaji wako wa kompyuta nimemtangulia."

Alicheka kama mtu aliyetua mzigo kichwani, akasema lazima akimbie akarekebishe kazi yake.

Mwezi uliofuata bei ikatangazwa. Nikashinda na simu mfukoni. Haikulia. Uliofuata pia. Nasikia kwa mama yake kwamba alipita vizuri chuoni, na kwamba kwenye hesabu zake mimi sasa niko na wale waliokwisha kuhama. Hao hawaulizwi kila mwezi.

Juzi bei ilipotangazwa tena, nilienda kibandani nikaizungusha hendeli ya ile injini isije ikashika kutu. Ikatoa moshi kidogo, ikazima. Nikarudi mbele, nikampigia mimi.

"Tata? Kuna shida?"

"Hakuna. Bei imepanda."

"Lakini wewe hutumii dizeli."

"Situmii."

Mota ilikuwa ikivuma nyuma yangu. Halafu akauliza kama wimbi la mwaka huu ni zuri. Nikavuta gunia, nikakaa.