Maji ya Majogoo Wakubwa

Mtotoaji, kama mtaa ulivyomwita, alirithi kwa baba yake vibanda vitatu vya kuku na jina lisilo doa: yai la nyumba ile likiatamiwa, kifaranga hutoka. Basi mama wa duka, aliyewauzia watu mayai yake ya kuatamiza, alipomrudishia trei nzima ya mayai viza, hakujua auweke wapi uso wake.

"Kaka, majogoo wako wameingia utawa?" mama yule alimsuta. "Kuwika hodari, kazi ya ndoa hawaijui! Nakupa wiki. Nikipata viza tena, mtaa mzima utanisikia."

Mtotoaji alichanganyikiwa. Majogoo aliwaona kwa macho yake wakipanda majike. Alibadili chakula, akawapa dawa ya minyoo, wapi! Mayai yaliyoatamiwa siku saba aliyamulika kwa tochi stoo. Badala ya vimishipa vyekundu, aliona weupe mtupu. Ajabu zaidi, mayai ya kibanda cha tatu yalikuwa na uhai, na jogoo wa kule alikuwa Kijiti, kilema aliyewika kama mlango mkavu.

"Tumerogwa," mkewe alisema.

"Mchawi gani aroge majogoo wanono akamsahau Kijiti?"

Dada yake, daktari wa mifugo, alipokuja aliuliza neno moja tu: wananywea wapi? Mtotoaji alimwonyesha kwa fahari. Majogoo wakubwa walikuwa na vyombo vyao maalumu, alivyovikata mwenyewe kutoka mapipa ya buluu ya dawa ya kunyunyizia maua, akavisugua kwa sabuni mara tatu. Kijiti alinyweshwa kwenye chungu kilichomeguka.

"Umewaheshimu mno, kaka. Dawa nyingine hunywewa na plastiki, kisha hujirudisha kwenye maji kidogo kidogo. Huenda ndiyo iliyoharibu mbegu zao."

"Mbona wananenepa? Tazama manyoya yanavyong'aa!"

"Mbegu haisomwi kwenye manyoya. Ila siwezi kuapa mpaka tupime."

Huenda! Neno hilo lilimkosesha raha. Mkewe alimshauri aseme majogoo wamezeeka, ili nyumba isiaibike. Lakini mama wa duka alipofika, ulimi wa Mtotoaji ulikataa kusema uongo.

"Mama, mayai ya wale wakubwa sitoi tena. Nashuku niliwatilia sumu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa chombo cha maji. Sina hakika. Chukua ya Kijiti, nimeyamulika."

"Ya Kijiti?" Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akayachukua.

Jioni ile habari ilizagaa dukani, na Mtotoaji hakuelewa kama anasifiwa au anachekwa. Kesho yake majirani watatu walibisha hodi. Hawakutaka mayai. Kila mmoja alikuwa na pipa la buluu nyumbani, la maji ya kunywa, na walikuja kumuuliza yeye kwa kuwa hafichi ukweli.

Mtotoaji alijikuna kichwa, akawavutia viti, akamwita dada yake.