Bakuli la Taa Halifutwi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Usifute, na jina lenyewe kajitakia. Kwa miaka thelathini, kila aliyemletea taa ya skuta iliyofubaa alipokewa kwa kelele: "Umefuta? Usiniambie umefuta!" Maana lile bakuli la ndani, linalotupa mwanga mbele, limepakwa fedha nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukilisugua kwa kitambaa, umeliua. Dawa yake ni sufuria ya alumini, maji ya moto, magadi na subira. Weusi hujitoa wenyewe, kisha unaliacha likauke bila kuguswa.

Siku hiyo subira ilimwishia. Taa iliyokuwa mezani ilikuwa ya dada yake mkubwa, na saa nane mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa ukaguzi wa skuta yake. Chombo kizee kama kile kikikosa siku yake, hakirudi tena barabarani, basi. Dada alikuwa na miaka sabini na mbili. Skuta hiyo aliiendesha enzi za ukunga wake, na ndiyo aliyompakia mdogo wake, fundi huyu, kwenda shule mama yao alipofariki. Ndiyo pia iliyomwangusha mwezi uliopita, kwenye kona ya posta.

"Kona ile ina mchanga," dada alisema alipoileta taa, bandeji mkononi.

Binti yake alikuwa na maelezo mengine. Asubuhi hiyo alishapiga simu mara tatu.

"Mjomba, mama haoni vizuri pembeni, na haambiliki. Hiyo taa si lazima ipone."

"Unataka nimnyang'anye dada yangu skuta yake?"

"Nataka asife, mjomba."

Fundi alikata simu, akaisukuma mbali. Loo! Mtu mzima na mvi zake, anaogopa simu. Akamimina maji ya moto, akakodoa macho kwenye saa ya ukutani. Weusi ukatoka taratibu, bakuli likang'aa mpaka akajiona humo: pua kubwa, macho madogo, uso wa mtu aliyekwisha kuiba. Kazi safi, haina doa. Na kadiri ilivyozidi kuwa safi ndivyo hofu ilivyozidi kumpanda. Alimwona dada kwenye ile kona, na lori linakuja upande asiouona.

Saa saba mlango ukagongwa. Dada huyo, kofia ngumu kichwani, funguo mkononi.

"Mdogo wangu, bado tu?"

"Linakauka, dada. Kaa kidogo."

Lilibaki tone moja la maji. Tone tu, lingekauka lenyewe. Mkono wake ukashika pindo la shati, ukafuta. Tone likaondoka, na fedha ikaondoka nalo. Akafuta tena, na tena, mpaka shaba ya chini ikatokeza kama upara.

"Dada." Akamsogezea bakuli. "Nimeharibu. Nimesahau, nikafuta."

Dada alilichukua bakuli, akaliinua dirishani. Aliitazama ile shaba, kisha akamtazama yeye.

"Nani kasahau? Wewe? Wewe unayewagombeza watu mpaka usingizini?"

Machozi yakamlengalenga. "Naogopa, dada. Ukianguka tena, mimi nitabaki na nani?"

Alingoja matusi, au kofi, maana dada hakuwa mchoyo wa makofi. Dada aliweka funguo mezani, kando ya sufuria. Akavua kofia yake ngumu, akamshindilia yeye kichwani, akamfunga mkanda chini ya kidevu kama alivyokuwa akimfunga asubuhi za shule. Vidole vyake viliupapasa mkanda mara mbili kabla ya kukiona kifungo chake.

"Wameniita kliniki ya macho kesho saa mbili," akasema. "Nilikuwa siendi. Sasa utanipeleka wewe, kwa pikipiki yako. Na kwenye ile kona, mwendo pole."